Hatamu nafuu na imara: msinunue seti, nunueni vipande

SaisiWaNjoro (Nakuru)

Wadau, habari za jioni. Kila baada ya miezi michache mtu huuliza hapa, "Hatamu nzuri ya bei ya chini nitapata wapi?" Majibu huwa ni jina la duka na namba ya muuzaji. Jina la duka halikusaidii kama hujui utazame nini ukishaishika mkononi. Nimefanya kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi, miaka kumi na minne, kwanza kwenye mazizi ya watu huku Njoro, na sasa nina farasi wangu wawili. Nitaandika kwa urefu, mwenye haraka anivumilie.

Mwaka juzi nilinunua seti mpya kwa shilingi 4,800. Nyeusi, inang'aa, ukanda wa paji umejaa vishanga vyeupe. Ilidumu miezi mitatu. Asubuhi moja nilikuwa natoka barabara ya vumbi kuingia lami, boda ikapiga honi nyuma yetu, farasi wangu Hodari akatupa kichwa juu mara moja tu. Kigwe cha kushoto, ule ukanda wa kumwongozea, kikabaki mkononi mwangu, mwisho wake unaning'inia. Hakikukatika katikati. Kilichomoka pale ngozi inapokunjwa kushika pete ya lijamu, chuma cha mdomoni. Namshukuru Mungu Hodari ni mtulivu, alizunguka duara mbili nikaruka chini kwenye nyasi. Lakini asubuhi ile aliyepaswa kumpanda ni binti yangu, ana miaka tisa. Sikulala usiku ule.

Kesho yake niliufumua ule mkunjo kwa wembe. Juu kulikuwa na ganda jembamba la plastiki lililopigwa chapa ya vinyweleo vya ngozi. Chini ya ganda, kitu cha rangi ya majivu kinachosagika kidoleni kama kadibodi iliyolowa. Mishono ilikuwa mirefu, sita tu kushika mkunjo wote, na uzi mmoja ulipokatika mingine ikafunguka yenyewe kama gunia la mahindi. Hicho ndicho nilichokuwa nimekiamini kumzuia mnyama wa zaidi ya kilo mia nne.

Tangu siku hiyo nimeacha kuiona hatamu kama kitu kimoja. Ni vipande, na kila kipande kina kazi yake. Kuna ukanda wa kisogoni unaopita nyuma ya masikio, ambao kwa kawaida ukanda wa koo umekatwa humo humo. Kuna mashavu mawili yanayoshuka hadi kwenye lijamu. Kuna ukanda wa paji, unaozuia ule wa kisogoni usirudi nyuma shingoni. Kuna ukanda wa pua. Kuna vigwe, na kuna lijamu yenyewe. Sasa jiulize kimoja kimoja: hiki kikikatika farasi akiwa mbioni, nini kinatokea? Ukanda wa pua ukikatika, unaendelea na safari. Shavu au kisogo kikikatika, lijamu inaanguka kutoka mdomoni na huna usukani. Kigwe kikikatika, mmeshasikia.

Wauzaji wa seti za bei ya chini wanaweka pesa mahali picha inapoonekana: paji na pua. Mishono ya vigwe na mikunjo ya mashavu haionekani kwenye picha, kwa hiyo ndiko wanakobana. Sisi tufanye kinyume. Pesa yangu yote huenda kwenye kisogo, mashavu, vigwe na lijamu. Ukanda wa pua nimeuacha kabisa. Kwa matembezi ya kawaida na kufundishia watoto hauhitajiki, na farasi wengi hufungwa pua kwa nguvu bila sababu. Ukienda kwenye mashindano, soma kanuni za klabu kwanza, kuna michezo inayoudai. Hata huko mambo yanabadilika: mwaka 2025 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lilianza kutumia kipimo maalumu kinachopitishwa kati ya ukanda na mfupa wa pua, kuhakikisha haujabana. Kipimo chetu cha siku zote ni vidole viwili juu ya mfupa wa pua, katikati. Si pembeni kwenye nyama. Pembeni vidole huingia hata ukanda ukiwa umekaza.

Hesabu yangu ya mara ya pili ilikuwa hivi: kisogo na mashavu vya mtumba, vya zamani lakini vya ngozi ya kweli, 2,000. Lijamu mpya 1,800. Ngozi ya vigwe 900, na fundi viatu wa kuishona 600. Jumla 5,300, yaani shilingi 500 tu zaidi ya ile seti. Ukanda wa paji niliutoa kwenye ile ya kwanza, nikang'oa vishanga. Mwaka wa pili huu, na binti yangu anapanda.

Ukishika ya mtumba, usianze na sehemu pana. Fungua kila bizimu na kila ndoano. Nyosha mkunjo unaokumbatia pete ya lijamu, uutazame kwa ndani, maana hapo ndipo chuma husugua, jasho hujaa, na ngozi hufa kwanza. Ipinde kwa kidole, uso ukiwa nje. Ikionyesha mistari midogo inayojifunga tena, inahitaji mafuta tu. Ikipasuka hadi ukaona nyuzi, irudishe. Matundu yaliyovutika yakawa marefu kama jicho la paka yanakwambia ngozi imechoka. Mshono nauvuta kwa kucha, uzi ukiinuka nauacha hapo hapo mezani.

Bizimu napima kwa sumaku ya spika iliyokufa, ninayo mfukoni daima. Ikinata kwa nguvu, hicho ni chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli, kitashika kutu chini ya ulimi wa bizimu ambapo huoni. Shaba nyeupe, shaba nyekundu na stenlesi nyingi hazinati. Lakini tahadhari: zile za kumimina za bei rahisi, zenye zinki, nazo hazinati, na zinavunjika kama biskuti. Kwa hiyo tazama na mstari wa kalibu pembeni, na ukiona uso una malengelenge, acha.

Maswali karibuni.

MamaFarasi_KSM (Kisumu)

Asante sana kaka, pole kwa yaliyokukuta na Mungu amlinde binti. Mimi nina farasi jike mmoja, watoto wanapanda Jumapili na siku za sikukuu. Shida yangu ni mbili. Kwanza ukungu. Ziwa hili halitusamehi, mvua za Machi zikianza ngozi inaota nyeupe ndani ya wiki mbili. Nimefikiria kuhamia zile za plastiki. Pili, niliyenunua kwake aliniambia saizi ya "full" inamtosha farasi yeyote mzima. Nimeifunga hadi tundu la mwisho na bado naona kama inaning'inia. Yeye hutikisa kichwa muda wote, watu wanasema ni ukorofi.

SaisiWaNjoro (Nakuru)

Dada, shikamoo kwanza kwa kumtazama mnyama wako kabla ya kuwasikiliza watu. Nianze na la pili, maana hilo linamuuma yeye.

Huyo si mkorofi. Lijamu ikining'inia chini inagonga meno na kucheza juu ya ufizi. Ukikaza kigwe inaruka, ukilegeza inaanguka. Nawe ungetikisa kichwa. Chukua utepe wa fundi cherehani. Anzia pembe moja ya mdomo, panda shavuni, pita nyuma ya masikio, shuka hadi pembe ya pili. Andika. Pima tena paji: kutoka nyuma ya sikio moja, kupitia mbele, hadi nyuma ya sikio la pili. Namba hizo mbili mpe muuzaji, usimpe neno "full" wala "cob" wala "pony", kwa sababu kila kiwanda kina "full" yake. Hatamu inayokufaa ni ile inayofungwa kwenye matundu ya katikati, ukabaki na nafasi juu na chini. Paji usilibane kabisa. Paji fupi huvuta kisogo mbele kikakata mizizi ya masikio, na farasi wengi wanaokataa kuvalishwa wana jeraha hapo chini ya nywele. Mpapase.

Lijamu inapimwa kwa fimbo. Pitisha kijiti laini mdomoni pale lijamu inapokaa, nyuma ya meno ya mbele ambako hakuna jino, weka alama kila upande, toa, pima. Ongeza nusu sentimita kila upande. Mdomo wa 11.5 unataka lijamu ya 12.5. Ile ya pete zinazozunguka iache nafasi kidogo zaidi, la sivyo hubana ngozi ya mdomo kwenye tundu. Ikikaa sawa utaona mkunjo mmoja au miwili midogo kwenye pembe ya mdomo, kama mtu anayeanza kutabasamu. Ukanda wa koo uingize ngumi nzima kati yake na shavu.

Kwa watoto usiruhusu mtu akuuzie lijamu yenye mikono mirefu na mnyororo wa kidevuni. Ile inazidisha nguvu ya mkono kama mtaimbo, na mkono wa mtoto hujishikilia kwenye vigwe akipoteza mizani. Lijamu ya kawaida yenye kiungo katikati, ya stenlesi, ndiyo ya kazi hiyo. Halafu wengine watakwambia nene ni ya huruma. Si kila mara. Mdomo mdogo wenye ulimi mnene hauna pa kuiweka.

Nikija kwenye ukungu. Hapa Njoro tuko zaidi ya mita 2,000, baridi na upepo, nyinyi mko karibu na 1,130 na ziwa mlangoni. Ngozi inaishi huko pia lakini haitaki mfuko wa nailoni wala sanduku. Itundike mahali upepo unapita, na usiitundike kwenye msumari, kisogo kitavunjika hapo. Pigilia mkebe wa rangi ubavuni mwa ukuta, itundike juu ya mgongo wa mkebe, ibaki na duara lake. Baada ya kila safari futa jasho kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa. Dakika mbili. Chumvi ya jasho inakula uzi kuliko mvua. Ukungu ukishaota, siki na maji nusu kwa nusu, futa nje ya nyumba, kausha kivulini, kisha sabuni ya glisirini. Jua kali na jiko ni mwiko. Mafuta kidogo, kwa kidole, upande wa ndani. Mafuta ya kupikia yanachacha, na oili ya gari ni sumu kwa ngozi na kwa mdomo wake.

Zile za plastiki, kama unamaanisha utepe wa poliesta uliofunikwa kama BioThane, ni nzuri kwa Kisumu, unaosha kwenye ndoo. Ila zina tatizo moja: hazikatiki. Farasi akinasa kichwa kwenye mlango au akikanyaga kigwe, ngozi nyembamba ya kisogo huachia, ile haiachii, inavunja taya au shingo. Ningekushauri vigwe viwe vya plastiki, kisogo na mashavu yabaki ngozi. Na usimfunge farasi kwenye nguzo kwa vigwe, hata kwa dakika ya kununua maji.

FundiNgozi_UG (Eldoret)

Nimesoma yote. Mimi nashona ngozi, nianze kwa kusema saisi ameeleza vizuri. Ila amewaruhusu mwende kwa fundi viatu bila kuwaambia mumwambie nini, na hapo ndipo vigwe vingi huharibikia.

Fundi viatu wa kawaida ana ngozi ya juu ya kiatu. Hiyo imetengenezwa kwa kemikali ya kromu. Ni laini, inapendeza, na inavutika. Kiatu kinataka kuvutika ili kikae mguuni. Kigwe kikivutika, cha kushoto kinakuwa kirefu kuliko cha kulia, na farasi hajui unamwambia nini. Mnataka ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Huku kwetu Uasin Gishu si jambo geni, tumekulia kando ya mashamba ya miti ya mwati ya kampuni ya EATEC, na magome ya mwati ndiyo yaliyokuwa yakikamuliwa kutoa tanini ya kutengenezea ngozi. Kromu inamaliza kazi kwa siku chache, magome huchukua wiki nyingi, ndiyo maana bei zinatofautiana.

Namna ya kuzitambua: kata pembe ndogo, tazama ubavu. Ya magome ni kahawia hadi ndani. Ya kromu mara nyingi ina ukanda wa kibuluu au kijivu katikati. Kama imepigwa rangi hadi ndani, weka tone la maji kwenye ubavu uliokatwa. Ya magome inakunywa na kuwa nyeusi, ya kromu maji yanakaa juu kwa muda. Halafu mwambie fundi akukatie mgongo, si tumbo. Ngozi ya tumbo la ng'ombe ilizaliwa kuvutika, kila siku inajaa majani. Unene uwe milimita tatu hadi nne kwa vigwe, upana robo tatu ya inchi kwa mtu mzima, mtoto apunguziwe kidogo ili vidole vifunge.

Mshono: sindano mbili, uzi uliotiwa nta, mishono minane hadi kumi kwa inchi. Sindano mbili maana yake kila tundu lina nyuzi mbili zinazopishana, moja ikikatika ya pili inashika. Cherehani hufunga uzi wa juu na wa chini kwa kitanzi, ukikatika mmoja mstari unaanza kufunguka. Hilo ndilo lililomkuta saisi.

Na wauzaji wa mtumba wakikwambia hatamu ni "ya Walsall", ule mji wa Uingereza wa mafundi wa matandiko, usilipe kwa jina. Mihuri hugongwa na yeyote. Zipo za Kanpur, India, zilizoshonwa vizuri kabisa, na zipo za Kanpur za kutupa. Tazama ubavu kwa macho yako.

SaisiWaNjoro (Nakuru)

Fundi, umeniokoa, hilo la mgongo na tumbo sikuliandika na ndilo lililo kubwa. Swali moja. Niliwahi kuletewa vigwe vilivyopigwa riveti badala ya mshono, nikavikataa. Nilikosea?

FundiNgozi_UG (Eldoret)

Hukukosea kwa zile za alumini za mabegi, hizo hulegea na tundu lake linakuwa mwanzo wa ufa. Riveti ya shaba nyekundu yenye washa yake, ikiwekwa mwisho wa mshono uliokamilika, inaongeza nguvu. Peke yake bila mshono, hapana.

Mwenye_Punda (Kakamega)

Jamani na sisi wa punda wa mkokoteni? Nimeambiwa nitafute lijamu ili asimame haraka mjini.

SaisiWaNjoro (Nakuru)

Ndugu yangu, usimtie chuma mdomoni. Punda wa mkokoteni anaongozwa vizuri kwa hatamu isiyo na lijamu, ukanda mpana wa pua uliowekwa pamba au kitambaa ndani, ukae juu kwenye mfupa, si chini kwenye nyama laini ya pua ambako atakosa pumzi. Kamba ya nailoni na waya ndivyo vinavyowatia vidonda unavyoviona barabarani. Utepe mpana wa mkanda wa gari kutoka kwa mafundi wa jua kali, ukishonwa mara mbili, unatosha na bei yake ni ndogo. Kama hasimami haraka, kagua mzigo na breki ya mkokoteni kabla ya mdomo wake.

MamaFarasi_KSM (Kisumu)

Nimerudi baada ya siku tisa. Mdomo hadi mdomo ni sentimita 87, kijiti kilitoka 11.5 kama mfano wako, na lijamu niliyokuwa nayo ni 13.5. Nilipofungua mashavu nilikuta mkunjo wa kulia umebaki na mishono miwili. Watoto walikuwa wamempanda Jumapili iliyotangulia. Nilitetemeka.

Pale soko la Kibuye nilimpata mzee mmoja mwenye rundo la mikanda na matandiko ya zamani. Nilienda na utepe na sumaku. Alishangaa nikipima, kisha akaanza kunisaidia kupima. Nimechukua kisogo na mashavu ya kahawia, yanafungwa tundu la tatu kati ya matano, kwa 1,500. Lijamu ya 12.5 nimeagiza Nairobi. Vigwe bado, nimemwandikia fundi wa Eldoret faraghani anikatie mgongo.

Leo nimemvalisha kwa mara ya kwanza, lijamu ya kuazima, bila ukanda wa pua. Chini ya nywele nyuma ya sikio la kushoto kuna kovu la upana wa kidole, gumu, ambalo sikuwahi kuliona miaka miwili yote. Nimelipaka dawa na nimesimamisha watoto hadi lipone. Tulitembea tu hadi karibu na Dunga na kurudi, mimi kwa miguu, nimemshika. Hakutikisa kichwa hata mara moja.

SaisiWaNjoro (Nakuru)

Dada, hongera na pole kwa pamoja. Ukipata vigwe, weka picha ya mkunjo wa ndani kabla hujavifunga, tuutazame wote. Na hilo kovu, likipona, nunua kipande kidogo cha ngozi ya kondoo yenye manyoya, kizungushe kwenye kisogo upande ule. Kwa mchinja kondoo utakipata karibu bure, ila kikaushwe vizuri.